Maji Kwanza, Mnyororo Baadaye

Aghalabu wanaoandika habari za ramani za mbuga za Kanada ya magharibi, nchi ya ng'ombe na wachungaji wapanda farasi, huanzia mwaka 1872, sheria ya ardhi ilipotoka na wapimaji wa serikali wakaenda na minyororo yao ya futi 66, wakaikata nchi miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba vipande 36, kila kipande eka 640. Mimi nasema mwanzo huo si wa insafu.

Mwezi wa Februari mwaka 1801, katika kituo cha biashara cha Chesterfield House, yakutanapo maji ya Red Deer na South Saskatchewan, Ac Ko Mok Ki, mkuu katika taifa la Blackfoot, alimchorea mpimaji Peter Fidler safu ya milima, na mito itokayo humo kwenda kuingia Missouri, pamoja na makabila yaliyokaa nchi ile. Fidler akainakili, ikapelekwa London, na mwaka wa pili mchora ramani Arrowsmith akaitumia katika ramani yake ya Amerika ya Kaskazini. Mkuu huyo hakuwa na dira wala mnyororo, walakini aliuanza mchoro wake kwa milima na maji, mambo ambayo mwenye kuishi mbugani hawezi kuyakosea.

Siwabezi wapimaji wa serikali, maana daftari zao za udongo, nyasi na vijito ni hazina kubwa. Lakini mistari yao ilipita juu ya bonde na kilima bila kuuliza maji yako wapi, na tangu 1881, miaka minne baada ya Mkataba wa Saba kati ya serikali na Blackfoot na jirani zao, serikali ilipokodisha malisho hadi eka 100,000 kwa miaka 21, kwa senti moja kila eka kwa mwaka, ilidhihirika kwamba atakayeushika ukingo wa mto ameishika mbuga yote iliyo nyuma yake. Ndipo William Pearce, afisa wa serikali, alipozitenga chemchemi na kingo za mito ili makundi yote yanywe.

Nakala ya Fidler ipo hata leo Winnipeg, katika nyaraka za Hudson's Bay Company, kampuni aliyoitumikia. Naiwe ndiyo karatasi ya kwanza katika kila kitabu cha ramani za machunga yale, na jina la Ac Ko Mok Ki liandikwe juu yake, mbele ya jina la aliyeinakili.