Homa Imeshuka, Malaria Je?

Jioni mtoto anachemka. Mama anampa parasetamoli ya maji, usiku jasho linamtoka, asubuhi anadai chai na kukimbilia kucheza. Safari ya zahanati inaahirishwa. Mzazi mwenzangu, hapo ndipo watoto wengi wa Bukoba na Muleba wanapoponzwa.

Joto lile linawashwa na mwili wa mtoto mwenyewe. Vimelea vya malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo kwa kama siku mbili, kisha chembe hupasuka na kumwaga vimelea vipya pamoja na uchafu wao. Chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, huumeza uchafu huo. Ndani ya askari hawa kuna protini za kutambua hatari, na mojawapo inaitwa NLRP3. Ikishtuka, huungana na nyingine na kuamsha protini inayofanya kazi kama mkasi. Mkasi huo hukata interlukini-1 iliyokuwa imelala; nayo huingia kwenye damu na kuuamuru ubongo upandishe joto. Kengele imelia.

Parasetamoli huifuata amri hiyo kule kwenye ubongo. Mpe, kwa kipimo cha uzito wake, itampunguzia maumivu. Lakini haiui kimelea hata kimoja. Kengele imenyamaza, mwizi bado yumo ndani.

Na kengele ikilia kupita kiasi, yenyewe huumiza. Protini hizo huchangia chembe zenye vimelea kunata kwenye mishipa midogo ya ubongo, na hapo ndipo huja degedege na kupoteza fahamu. Wapo ambao bado humpeleka mtoto wa degedege kwa mganga kwanza. Jamani, saa hizo hazirudi. Homa yoyote, hata iliyoshuka, ipimwe ndani ya saa 24. Tone la damu kidoleni na jibu hupatikana kabla hujaondoka zahanati. Ikiwa ni malaria, dawa mseto ni siku 3 zote, hata akichangamka siku ya pili.

Ni Muleba hapahapa ambako watafiti, kuanzia 2015, walilinganisha neti za kawaida na zile zenye PBO, kemikali inayomnyima mbu usugu wake. Waliolalia za PBO waliugua malaria kidogo zaidi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza. Basi msimu wa senene ukifika, watoto wakakesha kwenye taa, saa ya kulala waingie ndani ya neti, senene watawakuta asubuhi.