Tuutupe Uchawi, Tulitazame Jembe



Uko mji bara, juu katika uwanda wa Ufipa, uitwao Sumbawanga; Izia ni mojawapo ya kata zake. Jina la mji huo, kwa Kifipa, hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi". Hatukukusudia leo kuzungumza habari za wachawi. Tumelishika jina hilo kwa sababu lina onyo linalotufaa sisi wenye mikarafuu: mtu akiharibikiwa na kazi yake, asianze kumtafuta mbaya wake, kwanza alitazame jembe lake.

Wakulima wa Ufipa wanajua maana ya kutazama. Nchi yao ni ya nyasi, miti ni haba. Wabemba, walio upande wa Zambia, kwa desturi hukata matawi, wakayachoma, wakapanda katika majivu. Mfipa hana matawi ya kutosha kwa kazi hiyo. Basi desturi yake ni kuzikusanya nyasi mvua zinapokaribia kwisha, udongo ungali laini, akazifukia katika matuta ya mviringo. Nyasi huoza humo zikawa mbolea, na juu yake aweza kupanda maharage. Mvua za pili zikija huyavunja matuta, akausambaza udongo ule, akapanda ulezi. Maarifa kama haya hayapatikani kwa siku moja. Ni ya watu waliolitazama shamba mwaka baada ya mwaka. Kisichofaa wakakiacha, kilichofaa wakakishika.

Sasa tuwatazame waliokuwa na fedha nyingi kuliko Mfipa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma wataalamu Afrika ya Mashariki kuchunguza kilimo cha karanga. Walizunguka wiki tisa tu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na shabaha ilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Mitambo ililetwa kwa wingi, lakini mvua ya Kongwa ni kidogo, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Mwezi wa Januari 1951 mpango ule ukaachwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Hapakuwa na uchawi pale. Udongo ungalisema ukweli uleule katika kishamba cha ekari chache, kwa gharama ndogo, kama ungaliulizwa mapema. Baadaye Kongwa ikawa mahali pa kufugia ng'ombe, na mpaka leo ipo ranchi.

Basi na sisi tujiulize. Karafuu zikirundikwa mbichi usiku kucha, huchacha, na zikianikwa hupauka. Zikiachwa mtini mpaka zichanue, thamani hushuka. Tawi likivunjwa na mchumaji mwenye haraka, msimu ujao halina cha kutoa. Hayo yote twayajua. Lakini siku ya mizani, karafuu zikishushwa daraja, wangapi husema, "Leo nimepatwa na jicho," au, "Karani ana chuki nami"? Yawezekana karani akakosea, na akikosea haki idaiwe. Lakini mwenye kumlaumu karani kila msimu hatalitazama jamvi lake hata siku moja, na mwakani atarudi na karafuu zilezile.

Na nyumbani ni vivyo hivyo. Mtoto akishindwa katika mtihani, twasema mwalimu hafundishi. Deni likitulemea, twasema ni mkosi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kosa linalofichwa halifi. Hukaa ndani likazaa.

Kwa hiyo twatoa shauri hili. Mwenye kutaka kujaribu jambo jipya, na ajaribu kwa miche michache kabla ya shamba zima, ili kosa likija lije likiwa dogo. Na katika mikutano yetu, mtu asione haya kusimama na kusema, "Mimi msimu huu nimeharibu hivi na hivi." Wala asichekwe. Akichekwa mmoja, kumi watanyamaza, na makosa yao yatakuwa ya chama kizima. Kukosa si ajabu kwa mwanadamu. Hasara ni kulilipia kosa moja mara mbili, na mizani haimsamehe mtu kwa kuwa alisahau.