KAHAWA HAINA KOSA, ONDOA KIKO

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu katika imani, somo la leo linawagusa zaidi watu wetu wa Izimbya na Bukoba kwa jumla. Lakini hata wewe uliyeko Tanga au Muscat usilipite, maana moshi hauna kabila.

Unaijua asubuhi ya kwetu. Alfajiri imeshaswaliwa, ukungu bado uko migombani, wazee wamekaa mbele ya nyumba. Inatolewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani kisha ikakaushwa, au ya kunywa kwenye kikombe. Baadaye kinatoka kiko. Kinajazwa tumbaku, kinawashwa, kinapita mkono kwa mkono, mazungumzo yananoga. Vijana nao siku hizi wanapiga picha, kikombe huku na kiko kule, wanatumiana kwenye simu na kuandikiana "sabalkheri". Wamezoea kuviona pamoja mpaka wanadhani hukumu yake ni moja. Hapo ndipo ninapopingana nao, na nitazijibu hoja zao moja baada ya nyingine.

HOJA YA KWANZA: "Hata kahawa masheikh waliwahi kuiharamisha, na leo mnainywa misikitini."

Ni kweli. Kahawa ilienea Yemen kwa watu wa dhikri, waliokuwa wakiinywa ili wakeshe katika ibada. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, aliyekuwa msimamizi wa masoko Makka, aliipiga marufuku akidai inalevya. Marufuku ile haikudumu. Wanachuoni waliichunguza, wakaona mnywaji wa kahawa hapotezi akili, bali anazidi kuwa macho. Ikaachiwa huru.

Sasa iweke tumbaku kwenye mzani huohuo. Ilitoka bara la Amerika, ikaingia nchi za Waislamu takriban miaka 400 iliyopita, na hakuna aliyejua inafanya nini ndani ya kifua. Kadiri kahawa ilivyochunguzwa ndivyo ilivyosafika. Kadiri tumbaku ilivyochunguzwa ndivyo ilivyothibitika kuwa muuaji. Kesi ya kahawa haimtetei mvuta kiko hata kidogo, inamhukumu.

HOJA YA PILI: "Wanachuoni wakubwa waliihalalisha, wengine wakasema ni makruhu tu."

Naam, wapo. Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika kitabu kizima kuitetea, na mwanachuoni yule hatumvunjii heshima. Lakini alihukumu kwa yale yaliyojulikana zama zake. Utafiti mkubwa wa Waingereza uliofungamanisha uvutaji na saratani ya mapafu ulitoka mwaka 1950. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kwa tumbaku kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wenyewe, walivutishwa moshi wa wenzao. Allah ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu (al-Baqara, aya ya 195) na kujiua nafsi zetu (an-Nisaa, aya ya 29). Ukishajua kwamba kitu kinaua, huwezi kujificha nyuma ya fatwa ya mtu ambaye hakuwa na njia ya kulijua hilo.

HOJA YA TATU: "Kiko si sigara, moshi wake hatuumezi."

Hata usipoumeza, umeuweka mdomoni. Sumu ya tumbaku ya kiko hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa, ndiyo maana wavuta kiko wanapata saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo, na mapafu nayo hayasalimiki. Halafu kinywa hichohicho unakipeleka msikitini! Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi ajitenge na msikiti wetu kwa ajili ya harufu, na kitunguu ni chakula halali. Moshi uliokolea kwenye kanzu utauombea ruhusa gani?

HOJA YA NNE: "Babu alivuta akafikisha miaka 90."

Allah amrehemu babu. Wapo waliovuka mto wenye mamba wakafika salama, lakini hakuna mzazi anayemwambia mwanawe aogelee humo. Unamhesabu babu mmoja aliyebaki, huwahesabu wenzake aliowazika.

HOJA YA TANO: "Ni mila yetu Wahaya."

Basi nikukumbushe mila. Wazee wa zamani walipofunga udugu wa kuchanjiana, waliichukua punje ya kahawa, wakaitia damu, wakala. Damu ni haramu kwa nassi ya Qur'an. Muislamu wa Kihaya alifanya nini? Aliiacha damu, akabaki na kahawa, na mgeni akaendelea kukirimiwa. Mila haikufa, ilisafishwa. Kahawa hiyohiyo imetusomeshea watoto na kutujengea nyumba. Wazee wetu waliweza kuitenga na damu, wewe unashindwa kuitenga na moshi?

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye msiba. Nani anatumwa jikoni kuleta kaa la moto? Ni mjukuu. Na kaa likielekea kuzima, au mzee akiwa na shughuli, mtoto huambiwa akiwashe kiko: "Vuta kidogo kisizime." Mtoto wa miaka saba anavuta mara mbili, tatu, anakohoa, watu wazima wanacheka. Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo umemfundisha. Akija kuwa mtumwa wa tumbaku ukubwani, una fungu lako katika hesabu yake mbele ya Allah.

Usiniambie huwezi kuacha. Ramadhani unakaa zaidi ya saa kumi na tatu bila kiko, na hufi. Anza na asubuhi, kwani ndiyo ngumu kuliko zote. Baada ya Alfajiri piga mswaki, baki msikitini na uradi mpaka jua litoke, kahawa yako kainywe kwa jirani asiyevuta. Kiko usikifiche juu ya dari, kivunje. Fedha ya tumbaku iweke kando, mwisho wa mwezi mnunulie mjukuu madaftari. Ukiteleza, tubu uanze tena.

Nawe kijana wa picha, piga picha ya kikombe peke yake. Kinapendeza.

Ee Allah, wasafishe wazee wetu vinywa na vifua, wahifadhi watoto wetu, na utujaalie rizki ya halali iliyo safi. Amin.

Wallahu a'lam. Msomee na mzee asiyetumia simu, lakini msomee kwa adabu.