Afya ya Jamaa: Damu Ikivilia Bila Kipigo



Jioni, jua likielekea nyuma ya milima ya Fizi, vijana wa Baraka huenda kiwanjani kucheza mpira. Wavuvi nao hutengeneza nyavu, wapate kuwavua ndagala usiku, na akina mama hurudi mashambani na mizigo ya muhogo na kuni. Mwili ufanyao kazi na michezo ni mwili wenye nguvu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini pengine mmoja wao hulalamika: “Sikupigwa na mtu, wala sikuanguka. Mbona paja langu lina alama nyeusi? Mbona magoti yaniuma kila siku?” Na hapo, kabla ya kuulizwa mganga wa hospitali, huulizwa mpiga ramli. Husemwa ya kwamba wachawi wamemchapa usiku. Kisha jina la mama mzee fulani, mjane asiye na mtetezi, laanza kutajwa chini chini. Hivyo alama isiyozidi sarafu kwa ukubwa yaweza kumfukuza mtu katika nyumba yake, na ugonjwa wenyewe wabaki palepale bila dawa.

Tujue kwanza alama hiyo ni nini. Chini ya ngozi kuna mishipa midogo sana ya damu. Ikipasuka, damu humwagika ndani na kuvilia. Mchezaji hugongwa mara nyingi asitambue, kwa kuwa moyo wake wote uko kwenye mpira. Kesho yake aona alama, naye amekwisha kusahau. Alama ya namna hiyo hubadilika rangi na kutoweka kwa muda wa majuma mawili hivi. Vilevile maumivu ya kazi ngumu hupungua baada ya siku chache za kupumzika. Hayo yasitutie hofu.

Lakini alama zikizidi, au zikirudi pasipo sababu, na viungo vikiendelea kuuma, yafaa mgonjwa ajiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Nala nini? Kaskazini mwa Kenya, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwaka 2017 na 2018, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walipatwa na maumivu ya miguu na uvimbe, hata kutembea kukawa taabu. Ufizi nao uliwauma. Wagonjwa 45 walihesabiwa. Je, walilogwa? Sivyo. Ulikuwa ugonjwa wa kiseyeye, unaotokana na kukosa vitamini C, iliyomo katika matunda na mboga mbichi. Pasipo vitamini hiyo mishipa midogo hudhoofika, damu huvilia ovyo, na viungo huuma. Walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu. Mwaka 1747 daktari James Lind alikuwa amewaona mabaharia wa Uingereza wenye ugonjwa huohuo wakipona kwa machungwa na malimau.

Kwetu sisi Mungu ametupa maembe, mapera, mapapai na lengalenga. Lakini kijana anayekula ugali mtupu na samaki wakavu siku zote, huku akikimbia kila jioni, ajihadhari. Sombe nayo ni chakula chema, ila ikichemshwa saa nyingi vitamini C yake hupotea sana. Basi tunda moja kila siku si anasa ya watoto tu.

Swali la pili: Nameza nini? Hapa ndipo wengi hujidhuru wenyewe. Mchukuzi wa mizigo au mchezaji akiumwa, hununua vidonge sokoni, vingine visivyo na jina, navyo humpa nafuu upesi. Kumbe aspirini huzuia damu isigande vizuri kwa siku saba na zaidi. Deksametasoni na prednisoloni, ambazo wengine huzimeza ili wapate nguvu au wanenepe, zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, damu ikavilia kwa kuguswa tu, na huidhoofisha mifupa, hata kichwa cha mfupa wa nyonga chaweza kufa. Hata hivyo aliyezizoea asiziache ghafula, maana hiyo nayo ni hatari. Amwendee daktari ampunguzie kidogo kidogo. Na aende na vidonge vyake mkononi, asivifiche kwa aibu.

Swali la tatu: Nimezaliwaje? Pengine kuna mwana wa kiume ambaye tangu utoto huvimba goti au kiwiko kwa mchezo mdogo tu, au aliyetoka damu mno alipotahiriwa. Yafaa apimwe ugonjwa wa hemofilia. Ni ugonjwa wa nadra, ambao damu yake hukawia kuganda na humwagika ndani ya viungo. Mtoto huyo asipewe aspirini, wala asichomwe sindano ya msuli kabla daktari hajajua hali yake. Mara nyingi mama ndiye aliyeibeba asili ya ugonjwa huo katika damu yake pasipo kujua. Hana kosa lolote, wala ukoo wa mume usimshutumu.

Selimundu ni ugonjwa mwingine, na katika Kongo yetu ni wa wengi. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama pia. Huleta maumivu makali ya mifupa na viungo, hasa mwili ukikosa maji au ukichoka kupita kiasi, lakini kwa kawaida hauleti alama za damu. Nao hujulikana kwa kupima damu.

Na sasa twasema kwa mkazo. Pamoja na alama hizo pakiwepo homa, damu ya pua au ya ufizi isiyokoma, vidoa vidogo vyekundu vingi mwilini, choo cheusi kama lami, kukonda, au kiungo kilichovimba na chenye moto, msingoje Jumapili wala siku ya soko. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na ndiye aliyeziotesha dawa katika nchi. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa hospitali hakosi imani. Bali anayetaja jina la jirani pasipo ushahidi, huyo amevunja amri ya nane, na pengine ameifungulia njia amri ya tano ivunjwe.

Basi, enyi wazazi na ninyi vijana, alama ikitokea bila kipigo, ulizeni chakula, ulizeni vidonge, ulizeni damu ya kuzaliwa. Na yule mama mzee wa nyumba ya pili, mwacheni aote jua lake kwa amani, na mkipita mlangoni pake, msalimuni.