Kitabu kinakufa mbele ya Noeli: nani aliweka sahihi?



Fungua kitabu cha mtoto wa mwaka wa tatu hapa Dilolo. Jalada haliko tena. Kurasa za mwanzo zimepotea, za katikati mama amezishona na sindano ya nyumbani. Kitabu kilifika mu mwezi wa 9, mvua ya Desemba ikakikuta kimekwisha. Halafu mtoto anagombezwa, anaitwa muchafu. Sisi tunasema hapana. Kosa lilifanyika mbali na hapa, siku mtu alipokubali kitabu kile kichapwe vile.

Kitabu cha shule ni kazi yenye vipimo. Karatasi ya kawaida ya fotokopi iko na gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Ya gazeti iko karibu na 45 ao 50. Jalada linapaswa kuwa zito mara tatu hivi, tena lipakwe plastiki juu ya maji. Kisha kuna kufunga: uzi, agrafu, ao kole tu. Kole peke yake, kitabu kikivutwa kila siku na watoto watatu wa banc moja, inaachia.

Tufanye hesabu kama mama wa soko. Tuseme kitabu cha dolari 4 kinadumu miaka 4: ni dolari 1 kwa mwaka. Cha dolari 2 kinakufa mu mwaka 1: ni dolari 2 kwa mwaka. Ile "bei ya chini" ni ghali mara mbili!

Kuna watakaotujibu: mukikaza vipimo, wachapaji wadogo wa Lubumbashi na Kolwezi watashindwa, watoto watabaki mikono mitupu. Neno hili lina ukweli. Ndiyo maana hatukatai ruhusa ya pekee. Kitabu chembamba cha kurasa 48 kinatosheka na agrafu. Kitabu cha Kichokwe ao cha Kilunda, chenye nakala chache, kinaweza kutumia karatasi nyingine. Hata Marekani, majimbo yamejiwekea vipimo vya vitabu vya shule, na mchapaji anaweza kuomba kutumia kitu kingine. Lakini anaomba mbele, kwa maandiko, na anaonyesha kwamba kitu kile kina nguvu.

Shida yetu ni ruhusa ya gizani. Sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serkali inasema kushindanisha wauzaji ndiyo kanuni. Gré à gré ni ya pekee, inaombewa ruhusa. Kama kuchagua muuzaji kunaombewa ruhusa, juu ya nini kupunguza karatasi kufanyike kimya kimya? Nani kati yetu amekwisha kuona vipimo vya kitabu vimebandikwa kwenye ukuta wa shule?

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serkali ni ya bure. Tangu Septemba 2019 wazazi waliambiwa imeanza. Lakini kitabu kikipasuka, mzazi anarudi sokoni na franga yake. Bure inaishia pale.

Na mali iko. Shaba inapita kwa reli ya Dilolo kuelekea Lobito, imefungwa na mikanda ya chuma ili ifike nzima. Kitabu cha mtoto kimefungwa na kole. Kodeksi ya mgodi ya 2018 inaipa provinse asilimia 25 ya redevansi. Tusiambiwe uzi ni ghali.

Tunaomba:

1. Vipimo vitangazwe: karatasi, jalada, kufunga, miaka ya kudumu.

2. Kila ruhusa ya pekee iandikwe: nani aliomba, sababu gani, nani alikubali, inaisha lini. Isipite mwaka mmoja wa masomo. Kitabu kinene kisiruhusiwe kole peke yake.

3. OCC ipime vitabu mbele ya kugawanywa. Toka Kolwezi mpaka huku ni zaidi ya kilomita 400. Kitabu kibaya kikifika, hakuna atakayekirudisha.

4. Kamati za wazazi zishuhudie kupokea, na ziwe na haki ya kukataa.

5. Provinse ilipe tofauti ya bei kwa ile sehemu yake ya redevansi.

Nawe, kijana mwenzetu, usingoje. Wiki hii piga picha ya kitabu kimoja: mgongo, jalada, mwaka wa kuchapwa. Andika kalasi na tarehe kilipofika. Uso wa mtoto usionekane, na mwalimu asilaumiwe, yeye pia alikipokea tu. Tukikusanya picha hizi, tutaenda nazo ofisini na swali moja: nani aliweka sahihi?

Kitabu kidumu, mtoto asome!