Kufunga shimo si kupanga kazi

Mchimbaji wa Misisi ao Lubichako anajua kusoma jiwe. Akiliangalia tu, anajua kama iko na zahabu ao hapana. Lakini karatasi inayosema kama ana haki ya kuchimba hapo, wengi wetu hatujawahi kuisoma. Na karatasi hiyo njo inafunga shimo.

Tukumbuke. Mwezi wa 9 mwaka 2010, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Kazi ilifunguliwa mwezi wa 3 mwaka 2011. Mwezi wa 7 mwaka 2024, Gavana Purusi naye akausimamisha katika Sud-Kivu yote. Kila mara ni sahihi moja, na jioni mama anauliza minervali ya watoto itatoka wapi.

Je, Leta haina haki? Iko nayo. Mashimo yanaanguka, watoto wanabeba mawe, kodi zinapotea njiani. Lakini kufunga si kupanga.

Kupanga kuliisha kuandikwa katika Code minier ya 2002, ile wadepite na maseneta walibadilisha mwaka 2018. Inataka mchimbaji awe Mukongomani mtu mzima, awe na karti, awe ndani ya kooperative, na achimbe ndani ya ZEA, maana yake eneo ya uchimbaji wa mikono. Eneo hiyo inatolewa na Waziri wa Mines, kule Kinshasa. Na pahali kampuni iko tayari na titre minier, ZEA haiwezi kuwekwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na karti na kooperative, na bado akaitwa mwizi kwenye udongo wa babu yake, kwa sababu ramani ilichorwa bila yeye.

Hapa njo tunaomba. Gavana, mbele ya kufunga, aonyeshe wachimbaji pahali pa kwenda. Wadepite waliopata kura zetu Fizi na Baraka wamuulize Waziri: ZEA zetu ziko wapi, na ni ngapi ziko na zahabu ya kulisha watu? Na sisi wenyewe tusiache kooperative igeuke mfuko wa PDG mmoja.

Siku watarudia kuomba kura, tusiwaombe chumvi na tishati. Tuwaombe ramani.