Niiteni Mjinga, Lakini DT Siuzi

Wiki jana msee mmoja wa Ruiru alinipigia simu. Ana 80,000 mkononi, anataka DT yangu. Haikuwa pesa ya maneno. Alinitumia picha ya noti zimepangwa kitandani, akaniambia atakuja Makongeni Jumamosi na pikapu. Pikapu, kwa sababu anaijua DT. Hakuwa na imani kwamba itafika Ruiru yenyewe, na ni kama kilomita 20 tu, tena lami tupu.

Mathe aliposikia hiyo bei alisema, "Wewe kijana, uza hiyo kitu kabla huyo mtu apone." Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Siuzi. Na kabla mseme hizi ni hisia tu, wacha nieleze, kwa sababu nimegundua hii maneno si ya pikipiki peke yake.

Tuanze na mashtaka, na nitayasema mwenyewe.

Kwa wale hawajui, DT ni nduthi ya Yamaha. Ukoo wake ulianza 1968 na DT-1, na kama umekulia mashambani huku kwetu unaijua: ile ya afisa wa kilimo, ile ya daktari wa ng'ombe, ndefu, matope hadi kwa taa. Yangu ni cc 125, mipigo miwili. Boxer na TVS ni mipigo minne. Tofauti ni hii: injini ya DT inalipuka mara moja kila mzunguko, ya Boxer mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ndio maana DT ni nyepesi halafu inaruka kama mbuzi. Lakini pia ndio maana inachoma oili pamoja na petroli. Kwa Boxer oili inakaa chini kwa injini na unaibadilisha wakati wake ukifika. Kwa DT oili ni chakula, inaliwa kila siku. Ikiisha na hujui, pistoni inashika ndani ya silinda na unaanza kutafuta mtu wa kukukopesha.

Yamaha walikuwa na dawa ya hiyo tangu miaka ya 60: pampu ya kuchanganya oili yenyewe, inaitwa Autolube. Yangu ilikufa kitambo, kabla nduthi ifike kwangu. Kwa hivyo nachanganya kwa mkono, mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, na kipimo changu ni kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi ya watoto. Wale wasee wa petroli stesheni wameshazoea. Mmoja huniuliza, "Mtoto anaendeleaje?"

Kuna plagi. Plagi ya DT inashika masizi wakati wowote inajisikia, kwa hivyo sitoki nyumbani bila mbili mfukoni, kama vile wewe hutoki bila simu. Kuna moshi. Mama wa ploti yetu anajua ratiba yangu kwa nguo zake, na asubuhi akinisikia napiga kiki mara ya tatu anatoka mbio kuanua. (Kiki ya mguu. Zile za mtandaoni sijafika.) Kuna petroli. Boxer ya jirani inakimbia kilomita 50 na kitu kwa lita. Mimi nikifika 25 nashukuru Mungu. Oktoba 2023, petroli ilipogonga shilingi 217 hapa Nairobi na viunga vyake, niliisukuma hadi nyumbani mara mbili, si kwa sababu imeharibika. Kwa sababu nimeharibika mimi.

Kwa hivyo swali la mathe ni halali. Kwani ni nini?

Ukiuliza wenye DT watakuambia ni mlio. Watakuambia ni ile nguvu: chini haina kitu, inakohoa kama mzee, halafu ukifika mzunguko fulani inaamka ghafla na unashikilia kwa nguvu. Watakuambia ni barabara za juu kule Gatundu mvua ikinyesha, ile udongo nyekundu inageuka sabuni, na DT inapita tu. Yote ni kweli. Lakini hakuna mtu anavumilia kukohoa kwa miaka kumi kwa sababu ya mlio. Kuna kitu kingine, na mimi nilikielewa kupitia Boxer.

Binamu yangu alichukua Boxer ya mkopo, hapo Kimbo. Deposit 25,000, halafu shilingi 450 kila siku kwa mwaka mmoja na nusu. Ilikuwa nduthi poa sana. Haikuwahi kumsumbua hata siku moja, na nataka mlikumbuke hilo. Aliamka saa kumi, akabeba watu wa kazi, akabeba mikate, akabeba mitungi ya gesi. Mwezi wa 13 mtoto wake akalazwa. Siku nane hakulipa. Siku ya tisa, asubuhi kukiwa bado giza, watu wawili walikuja na funguo yao wenyewe, wakaondoka nayo. Kifaa cha kuifuatilia kilikuwa ndani, kwa hivyo hata hawakuuliza njia.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Deposit, jumlisha miezi 13 ya 450 kila siku. Ni zaidi ya 200,000. Alikuwa amelipa kuliko bei ya kuinunua kash dukani, na siku hiyo alienda stegi kwa miguu.

Boxer ambayo haijawahi kuharibika ilienda. DT ambayo inaharibika kila wiki iko hapa nje, imefunikwa na gunia.

Tangu hapo nilianza kuhesabu vitu vyangu. Simu ninayopigia video ni ya kulipa polepole. Nikipitisha siku bila kulipa, inajifunga yenyewe, inanionyesha tu namba ya kutuma pesa. Campus niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na matokeo ya mitihani niliyofanya na nikapita bado yamefungwa mpaka nimalize salio. Nyumba ni ya landlord. Hata nyimbo ninazosikiza zinaisha na bando. Karibu kila kitu nilicho nacho kina swichi mahali, na hiyo swichi iko kwa mkono wa mtu ambaye hatujawahi kuonana.

DT haina swichi kama hiyo. Inazimika, ndio, tena sana. Lakini ikizima, sababu iko hapa mbele yangu na ninaweza kuifungua kwa spana.

Msinielewe vibaya kuhusu zile za umeme pia. Zimejaa sasa kwa hii Thika Road, nimeendesha moja na ilikuwa tamu: haina moshi, haina kelele, betri unabadilisha dakika chache unaenda. Kwa mtu wa boda hesabu yake inaeleweka. Lakini soma mkataba vizuri. Mara nyingi unanunua chuma na magurudumu, betri inabaki kuwa ya kampuni na unaikodisha maisha yako yote. Umenunua farasi, na miguu yake ni ya wenyewe.

Sasa, mathe yangu hajawahi kupoteza mjadala. Nilipomwambia haya yote akanisikiza hadi mwisho, akakoroga chai, akasema: "Na ukiuza hiyo kwa 80,000 ununue Boxer mzee ya kash, logbook kwa jina lako, hiyo si itakuwa yako pia?"

Hapo alinishika. Kwa sababu ni kweli. Boxer ya kash ni yako kabisa. Kwa hivyo karatasi peke yake haitoshi kueleza kwa nini siuzi.

Jibu nililipata kwa guka, ambaye hayuko tena, na ndiye aliyenunua hii DT kwa mnada wa magari ya serikali kabla mimi nizaliwe. Guka alikuwa na kahawa. SL28, ile ya zamani iliyochaguliwa hapa Kenya miaka ya 1930. Kahawa tamu sana kwa kikombe, lakini mgonjwa wa kudumu: kutu ya majani, chulebuni, kila msimu unapulizia dawa na dawa ni pesa. Mwaka wa 1985 watafiti wa kahawa wa hapa hapa Ruiru walitoa aina mpya, Ruiru 11. Inastahimili hayo magonjwa yote mawili, ni fupi, na unapanda miti mingi kwa eka. Kwa karatasi hakuna mashindano. Guka alipanda laini mbili za Ruiru 11, akaacha shamba lote lingine SL28. Nikiwa mdogo nilimuuliza ni kwa nini hang'oi ile mgonjwa. Nilidhani atasema ni utamu.

Alisema, "Hii ninajua ugonjwa wake. Ile nyingine bado sijui itakufa na nini."

Ni hivyo tu. DT ninajua ugonjwa wake. Miaka mitatu nimekuwa kwa fundi mmoja huko Ruiru kila ikifa, na hakuwa ananitengenezea, alikuwa ananifanya nishike. Leo naweza kufungua kabureta usiku na tochi ya simu. Rangi ya plagi inaniambia kama nimezidisha oili au nimepunguza. Nikiisikia ikibadilisha sauti hapo Blue Post, ninajua kama nitafika Juja au nitafute kivuli. Mimi ni mtu ambaye alitoka campus bila karatasi, na kila mahali ninapoenda naulizwa karatasi. Hiki ni kitu cha kwanza ninachokijua hadi ndani, na hakuna ofisi inaweza kukifungia kwa sababu ya salio.

Halafu kuna watu. Mwaka jana ilinizimikia Witeithie, giza linaingia, na plagi zote mbili nilikuwa nimezimaliza. Mzee mmoja akapita na DT 175, akasikia vile napiga kiki, akarudi. Hata hakusalimia. Aliuliza, "Ni 125?" akatoa plagi kwa koti. Nilipotaka kumtumia pesa alikataa: "Kijana, utampa mwingine." Miezi miwili baadaye nilimpa mwanafunzi wa JKUAT ambaye alikuwa amekwama pale Juja, na nikamwambia vile vile. Sijui hiyo plagi ya deni iko wapi saa hii. Pengine imefika Murang'a. Nduthi isiyoharibika haingenipatia huyo mzee.

Sasa ukweli mwingine, ili msidanganyike na mimi. Kuna uaminifu wa kweli na kuna ule wa kutetea pesa uliyokwisha kupoteza, na kwa nje vinafanana. Mimi hujipima na swali moja: kama chakula cha nyumbani kingetegemea hii DT, ningebaki nayo? Hapana. Ningeiuza leo kabla ya saa sita. Siendeshi boda. Video na kazi za kubahatisha ndizo hunilisha, kwa hivyo nina nafasi ya kupenda kitu kinachokohoa. Mtu wa boda mwenye watoto hana hiyo nafasi, na asije mtu kumwambia ati Boxer haina roho. Roho yake ni unga uliofika nyumbani.

Ndio maana sikumwambia binamu yangu anunue DT. Nilimwambia tuweke pamoja, mimi 200 kwa siku, yeye 200. Siku 200 ni 80,000, na hiyo inanunua Boxer mzee ya kash, logbook kwa jina lake, bila funguo ya pili mahali. Tuko siku ya 31. Na kila Jumapili tunaenda naye Ruiru kwa fundi, ashike, ajue ugonjwa wake kabla hata hajainunua. Jumapili iliyopita alifungua kabureta mara ya kwanza na akabaki na skrubu moja mkononi, haijui inatoka wapi. Fundi alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia nilianza hivyo.

Kwa hivyo msee wa Ruiru, asante kwa picha. Weka pesa yako. Na wewe unayesoma hii ukicheka moshi wangu, hesabu vitu vyako usiku huu. Hesabu ni vingapi mtu anaweza kuvizima akiwa ameketi ofisini, halafu tuongee.

Mama wa ploti, kesho natoka saa moja. Nguo anua mapema.